Ufunguo Ndani ya Plasta

Kila asubuhi mtaa mzima ulijua kwamba Kengele ametoka nyumbani. Jina lake la shuleni lilikuwa jingine, lakini nani alilikumbuka? Msichana huyo wa miaka kumi na miwili hakuweza kumpita mtu wala kuku barabarani bila kupiga kengele ya baiskeli yake. Krii krii! Alikuwa anawapelekea wateja nguo alizoshona mama yake, fundi cherehani, kisha anaelekea shuleni.

"Ile breki ya mbele umeitengeneza?" mama alimuuliza asubuhi moja, pini zikiwa bado mdomoni.

"Nimeshaitengeneza, mama!" Kengele alijibu, na kabla hajaulizwa la pili akawa ameshatokomea.

Uongo mtupu. Waya wa breki ya mbele ulikuwa umekatika tangu juma lililopita. Alitumwa kwa fundi baiskeli, akapitia kwenye uwanja wa mpira, mambo yakawa kesho, na kesho yenyewe ikasogezwa mbele. Si breki ya nyuma ipo? alijiambia.

Asubuhi hiyohiyo, karibu na duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa ukingoni kabisa mwa barabara, akienda taratibu, aliposikia muungurumo. Hakuwahi hata kugeuka. Kitu kilimsukuma kwa nyuma, akarushwa, na mguu wake wa kulia ukatoa mlio wa kijiti kikavu. Alipofumbua macho aliona gari la bluu la kusambaza mikate, na dereva wake akija mbio.

Dereva hakukimbia, tumpe haki yake. Alimbeba Kengele mikononi, akampeleka hospitali, akasubiri mpaka mama akafika akihema, na utepe wa kupimia nguo ukining'inia shingoni.

"Mtoto aliyumba ghafla, mama," dereva alisema huku akijifuta jasho. "Akaingia mbele yangu. Mungu tu amesaidia."

Kengele alitaka kusema, lakini maumivu yalimziba mdomo. Walimfunga plasta ngumu kutoka pajani mpaka karibu na vidole, wakamruhusu arudi nyumbani. Tangu hapo dereva akawa mgeni wa kila jioni, mkate kwapani.

Sasa, Bibi yake Kengele, aliyeishi nao, alikuwa mtu wa kushuku kila kitu. Daktari akimpa dawa, alitaka daktari mwenyewe ameze kwanza. Mzani wa muuza nyama aliukagua juu na chini. Lakini dereva huyu alimwita "mama mkubwa" na kumchagulia mikate laini isiyosumbua fizi, basi Bibi akalainika kuliko mikate yenyewe.

"Kijana ana adabu huyu," alisema, mdomo umejaa.

Kengele machale yalimcheza. Mtu aliyelala kitandani hana kazi ila kutazama, na yeye alitazama. Dereva akiingia, macho yake hayaendi kwenye mguu, yanaenda kwenye baiskeli, ambayo majirani waliirudisha na kuiegemeza ukutani. Akiaga, vilevile. Jioni moja alimuuliza, "Mguu unaumaje, binti?" huku ameupa mguu huo kisogo, anachungulia madigadi ya nyuma, lile bati la kukinga matope juu ya tairi.

"Mama," Kengele alisema dereva alipoondoka, "mbona huyu anaijali baiskeli kuliko mimi?"

"Wewe nawe! Mtu analeta mkate, wewe unaleta maneno. Umerithi kwa bibi yako."

"Hakurithi kwangu," Bibi alidakia. "Mimi sishuku watu wema."

Juma lililofuata walirudi hospitali, na daktari akaikunjia uso picha ya mfupa. Ulikuwa unaunga upande. Ilibidi Kengele apasuliwe na kuwekewa chuma, la sivyo angechechemea maisha yake yote. Mama aliuliza gharama. Cherehani yake isingezitoa hata ingeshona mwaka mzima.

"Gari lililomgonga lina bima," daktari alisema. "Bima ndiyo inayopaswa kulipa. Mliripoti polisi?"

Mama aliinamisha kichwa. Dereva alikuwa amemwambia kwamba polisi ni usumbufu, wayamalize kindugu.

Jioni alimweleza dereva habari za upasuaji. Dereva alikohoa. "Hilo la mguu tutaliangalia polepole, dada yangu. Kwanza tumfurahishe mtoto! Kesho nakuja na fundi tuichukue baiskeli. Tutainyoosha, tutaipaka rangi, itarudi mpya. Na kama polisi watauliza, sema tu aliyumba, yaishe."

Mama alishukuru. Bibi alishukuru mara mbili. Kengele peke yake hakushukuru. Madigadi ikinyooshwa na kupakwa rangi, nani atajua kwamba aligongwa kwa nyuma? Anatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa huyu, aliwaza. Halafu wazo jingine likamjia, baya zaidi: na breki je? Baiskeli ikienda, uongo wake nao unakwenda nayo. Ikibaki, siku moja mtu ataibonyeza ile breki. Alijigeuza huku, akajigeuza kule. Mwishowe aliutazama mguu wake, akaona aibu ni afadhali kuliko kuchechemea.

Usiku huo alishuka kitandani kwa mkongojo, akaifunga baiskeli kwa mnyororo wake wa kuifungia kwenye mguu wa kitanda, akapiga kufuli. Ufunguo auweke wapi? Bibi hupekua mito yote, hata asipotafuta kitu. Akauchomeka ukingoni mwa plasta, pale pajani, akajifunika shuka.

Kesho yake dereva alikuja mapema kuliko kawaida, na fundi nyuma yake.

"Ufunguo uko wapi?" mama alimuuliza Kengele.

"Kwenye plasta, mama."

"Acha mzaha mbele za wageni!"

"Kweli, mama. Niliuweka hapa juu, sasa umeteleza mpaka chini. Na unawasha, jamani!"

Mama alijaribu kuuvuta kwa rula yake ya kukatia nguo. Ulizidi kuzama. Fundi baiskeli alicheka mpaka akashika ukuta, lakini dereva hakucheka. Alitazama mlangoni, akatazama baiskeli, kisha akapandisha sauti.

"Basi leteni msumeno tukate mnyororo! Leo baiskeli hii lazima itoke!"

Mama aliiweka rula juu ya cherehani, polepole sana.

"Lazima?" alisema. "Mguu wa mwanangu tutauangalia polepole, ila baiskeli lazima leo? Haraka ya nini, kaka? Baiskeli haisikii maumivu."

Bibi, ambaye tayari alikuwa ameuma kipande, aliukunja mkate uliobaki katika karatasi yake.

"Chukua mkate wako, kijana," alisema. "Mlango unaujua."

Mama alikwenda polisi siku hiyohiyo, akarudi na askari wa usalama barabarani, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi. Kwanza alimsikiliza Kengele. Kisha alichuchumaa kando ya kitanda akaikagua baiskeli hapohapo ilipofungwa. Madigadi ya nyuma ilikuwa imebonyea kuelekea mbele, na mikwaruzo yake ilishika rangi ya bluu. Aliipiga picha.

"Aliyumba mbele ya gari, eti?" alisema. "Gari ndilo lililomfuata."

Kengele alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu aumie. Lakini mkono wa askari ukaenda mbele, ukabonyeza breki. Ililegea yote.

"Na hii?"

"Hiyo imekatika kwenye ajali," mama alijibu haraka. "Ilikuwa imetengenezwa. Nilimuuliza asubuhi ileile, na mwanangu huyu hanidanganyi."

Askari hakumtazama mama. Alimtazama Kengele, tena macho yale hayakupepesa. Ingetosha kunyamaza tu. Mama alikuwa ameshasema, kazi imekwisha. Na akisema kweli, je, bima si itakataa kulipa? Mguu si utabaki hivihivi?

"Mama," Kengele alisema, "nilikudanganya. Ilikatika kabla. Sikwenda kwa fundi, nilikwenda kutazama mpira."

Kengele akaangua kilio. Kilichomliza hakikuwa mguu.

"Nilikuwa nakusubiri wewe," askari alisema, akimwonyesha ncha ya waya uliokatika. "Tazama. Waya uliokatika juzi ungeng'aa. Huu umeshika kutu. Watu wa bima nao wana macho, mwanangu. Wakikukamata na uongo mmoja, hata haya ya madigadi hawatayaamini."

"Sasa watalipa?" mama aliuliza.

"Breki ya mbele haizuii gari linalokuja nyuma. Lakini mimi siamui. Mtasubiri."

Walisubiri kwa wasiwasi. Kila mtu aliyebisha hodi walidhani analeta habari mbaya. Hatimaye dereva, alipoonyeshwa picha za ile rangi ya bluu, alikiri kwamba macho yake yalikuwa kwenye simu. Alipelekwa mahakamani, akatozwa faini na kunyang'anywa leseni kwa muda. Bima ilikubali kulipia upasuaji na matibabu yote, ila fidia ya baiskeli ilikatwa kwa sababu ya ile breki. Kengele hakulalamika. Alijua imekatwa na nani.

Siku ya upasuaji, plasta ilipopasuliwa, ufunguo ulianguka sakafuni, ting! Daktari aliutazama, akamtazama Kengele, akasema katika miaka yake yote ya kazi hajawahi kutoa kitu cha namna hiyo mguuni mwa mtu. Mama aliuokota, akautia mfukoni.

Aliutoa tena siku Kengele alipoweza kutembea bila mkongojo. Baiskeli ilikuwa bado imefungwa kitandani, na Bibi alikuwa ameshajikwaa nayo hata akaizoea. Mama alifungua kufuli.

"Nipe niipeleke kwa fundi," Kengele alisema.

"Tutakwenda wote."

"Huniamini, mama?"

Mama alikaa kitandani kando yake. "Nakupenda, hilo usilitilie shaka. Ila imani uliivunja, nayo inapona polepole kama mfupa. Lakini nisikilize, mwanangu. Yule dereva alileta mikate, akaficha kosa lake. Wewe ulisema kosa lako ukiwa na hofu ya kubaki na kilema. Ndiyo maana ulipodai haki yako, watu walikusikia. Siku zote ukidai haki, sema na yale yanayokuaibisha."

Walikwenda watatu, maana Bibi alikataa kubaki. Fundi alifunga waya mpya, akasema tayari. Mama alibonyeza breki, akaisukuma baiskeli, ikagoma kwenda. Aliitikia kwa kichwa, ameridhika, akaanza kumkabidhi Kengele.

"Ngoja kwanza," Bibi alisema, akaushika usukani kwa mikono miwili. "Na mimi niibonyeze."