Hina ya Husna na Mnara Mmoja

Siku ya hina ya Husna, ua wa bibi yake, Bi Biasha, kijijini Bodo, ulijaa wanawake. Wengine walipika, wengine waliimba, na karibu kila mmoja alikuwa na simu mkononi.

Aliyekosekana ni Twaiba, mama yake Husna. Yeye anafanya kazi Maskati na hakupata ruhusa ya kuja. Mwajiri wake alimpa nafasi ndogo tu baada ya alasiri. Twaiba alitaka jambo moja: aione hina ya mwanawe na amwombee dua kabla hajaolewa.

Shangazi wakataka kumfurahisha. Simu nne ziliingia pamoja kwenye mazungumzo ya video, ili aone kila pembe ya ua. Majirani nao wakawapigia video jamaa zao. Basi Twaiba akatokea vipande vipande, mdomo wazi, amekwama. Sauti yake ilikatikakatika, kisha ikapotea. Husna akaanza kulia. Bi Biasha alilaumu simu, akalaumu mawingu, akamlaumu hata Subira aliyekuwa akipaka hina.

Ndipo akaingia jirani yao Viola, fundi wa minara ya simu huko Ukunda. Alitazama, akacheka kidogo.

"Shikamoo, mama. Simu zenu ni nzima," alisema. "Mnara ni mmoja na sote tunaugawana. Mkifungua mifereji yote ya nyumba pamoja, maji hudondoka tu. Video ni vivyo hivyo."

"Sasa tufanyeje, mwanangu?" Bi Biasha aliuliza.

"Ibaki simu moja. Wengine mzime data. Rekodini, mtamtumia baadaye, watu wakipungua mtandaoni."

Walinung'unika, lakini walizima. Viola akaiweka simu iliyobaki itumie data kidogo, ili picha iwe nyepesi kusafiri.

Twaiba akatokea mzima. Aligeuza kichwa, akatabasamu, akapangusa machozi. Bi Biasha aligusa kioo kwa kidole.

"Subhanallah," alinong'ona. "Yuko Maskati, nami namwona akipumua."

Twaiba aliomba dua, wote wakaitikia amina. Kisha akamwambia Husna asogeze mkono karibu na simu.

"Mwanangu, kidole cha shahada. Kuna jani moja la nakshi halijajazwa."

Wote waliinama kutazama. Kweli, lilikuwa tupu. Subira akachukua hina akalijaza taratibu, huku Twaiba akimwelekeza kutoka ng'ambo ya bahari.