Siri ya Nusrat Kwenye Filamu ya Kutafsiriwa

"Rudisha hapo nyuma kidogo," mama alisema.

"Mama, twende mbele, hapo panachosha."

"Nimesema rudisha, Nusrat."

Ilikuwa Jumapili mchana, sebuleni kwa Mzee Matano, baba yake Nusrat, Kihesa, Iringa. Nusrat, mama yake Bi Mwanahawa, na shoga yake Tusekile walikuwa wameketi mkekani na sinia la karanga katikati, wakiangalia filamu mpya ya mapenzi ya Kizungu iliyotafsiriwa Kiswahili. Mtafsiri wake alikuwa Faraji, mchumba wa Nusrat, na ndoa yao ilikuwa Ijumaa ile ile inayokuja.

Wapenzi wa filamu hizi mnajua zilivyo. Wazungu wanaongea chinichini, sauti ya mtafsiri inapanda juu yao, na mtafsiri haishii kwenye kilichosemwa, anatia chumvi yake. Faraji, aliyekuwa akirekodi kwenye chumba kimoja kule Mwanjelwa, Mbeya, alikuwa fundi wa chumvi. Jambazi wa Marekani kwake hatishiwi jela, anatishiwa kupelekwa Igowole kupalilia viazi.

Tusekile akachukua rimoti, akarudisha.

Dada wa Kizungu amekaa kwenye benchi la hospitali, analia. Mdomo kaufumba. Lakini sauti ya Faraji, ameibana iwe ya kike, ilikuwa inasema:

"Niliachwa siku ya harusi, pilau imeshapakuliwa. Nikajifungia bafuni, nikaisugua hina kwa jiki mpaka ngozi ikatoka. Mama nikamwambia nimeungua na mafuta ya sambusa."

Tusekile alicheka, halafu kicheko kikamkatikia njiani.

Bi Mwanahawa hakuangalia tena filamu. Alikuwa anaangalia mikono ya mwanawe, yale mabaka meupe juu ya viganja.

"Mafuta ya sambusa," alisema.

"Mama..."

"Miaka yote hii, Nusrat. Kila nikikaanga sambusa najilaumu. Mimi ndiye niliyekutuma jikoni siku ile."

Akainuka, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango.

Kwamba Nusrat aliachwa na tajiri wa vitunguu wa Ruaha Mbuyuni, hilo Kihesa nzima ililijua, maana Kihesa nzima ilikuja kula pilau. Habari ya jiki hakuijua mtu.

"Gwe Nusrat," Tusekile alinong'ona, "hiyo ulimwambia nani?"

"Yeye tu. Kwenye simu. Nilikuwa nalia."

"Na yeye kawaambia wote wanaojaziwa filamu kwenye flashi, kuanzia Tunduma mpaka Makambako."

Jamani, tuseme ukweli: kuna kusalitiwa na mwanaume aliye na mwanamke mwingine, na kuna kusalitiwa hivi. Nusrat hakujua lipi afadhali. Akiivunja ndoa, mtaa utasema binti Matano kaachwa tena. Akiolewa, anakwenda kulala na mtu aliyemuanika.

Na kinachouma zaidi, filamu hizo hizo ndizo zilizowakutanisha. Nusrat hakusomea filamu popote, alikuwa muuza vitambaa dukani kwa baba yake. Ila kila Jumapili aliandika status ya maoni, na watu waliisubiri. Filamu za kupigana: "Gari limepinduka mara nne, suti haijakunjika. Huyo fundi nguo wake naomba namba." Za kutisha: "Nyumba imelia usiku wa kwanza, nyie mnabaki kwa sababu gani, mmelipia kodi ya mwaka?" Za Kikorea: "Wiki nzima naangalia, ndiyo kwanza wameshikana mikono. Mimi nisingevumilia, ila nimelia." Za kwetu nazo hakuziachia: "Dada anaamka asubuhi na wigi na rangi ya mdomo. Mwongozaji, wewe una mke kweli?"

Siku moja aliandika: "Filamu ya mizimu ya wiki hii ni nzuri, tatizo mtafsiri. Watu wanakufa, yeye anatania. Kaka, unaogopa nini?"

Status ikazunguka kwenye magrupu mpaka Mbeya. Faraji akatafuta namba, akamwandikia: "Naogopa wateja wasilale. Wewe ni nani?" Mapenzi yakaanzia hapo.

Sasa Nusrat alichukua simu tena. Tusekile alijaribu kumshika mkono, akachelewa.

"MAONI YA JUMAPILI. Filamu ya mapenzi iliyotoka wiki hii. Dada anayelia hospitali anaigiza kuliko wote, na hasemi neno. Mtafsiri kamtia mdomoni maneno aliyoyaiba kwa mwanamke mwingine. Mtafsiri, ukiisoma hii, Ijumaa usije."

Hata karanga hazijapoa, simu ikaita.

"Nusrat, futa hiyo status. Watu wananipigia."

"Wanakupigia wewe? Mimi mama yangu kajifungia chumbani, na wewe unaniambia habari za kupigiwa?"

"Mama kaiona filamu?"

"Kaiona. Kaangalia mikono yangu. Faraji, ulinifanyia nini?"

Sauti ikaja laini, ile ile inayopendwa mikoa yote hii.

"Ilinitoka, wallahi. Nilikuwa narekodi, yule dada analia, nikakukumbuka wewe. Yakanitoka tu. Ni kwa sababu nakupenda."

Nusrat alifumba macho. Alikasirika, na hapo hapo moyo ukalainika kidogo, na kulainika kule kukamkasirisha zaidi.

"Kuitafsiri si ulimaliza wiki iliyopita? Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa."

"Basi njoo uogope hapa. Njoo useme mbele ya mama."

Akakata.

"Kama yalimtoka kweli?" Tusekile aliuliza. "Mtu anaweza kupitiwa. Hata kanisani kwetu mchungaji hupitiwa."

"Kama yalimtoka nitamsamehe. Nataka yawe yalimtoka, Tusekile. Nataka sana."

Jumatatu mchana Faraji alifika na basi kutoka Mbeya, koti begani, macho mekundu. Bi Mwanahawa alikuwa amekaa kwenye kochi na ushungi wake. Nusrat alisimama karibu na dirisha, na Tusekile, aliyesema anapita tu, alikuwa ameshajikalisha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa."

Akakaa chini, mkekani.

"Mwanangu ananiambia maneno yale yalikutoka," Bi Mwanahawa alisema. "Mimi si mtu wa filamu. Nataka kusikia kwako. Yalikutoka?"

Faraji alifungua mdomo. Nusrat aliliona jibu likija, "ndiyo mama", na alikuwa ameshaanza kushusha pumzi.

"Hapana, mama. Hayakunitoka."

Nusrat aligeuka. "Unasemaje?"

"Mara ya kwanza pale nilinyamaza. Analia, nikamwacha alie. Nikampelekea Iqbal, bosi wangu mwenye maktaba ya kuuza filamu. Akasema, hapa pamepoa, wateja watadhani flashi imeharibika, weka maneno. Nikarudi kwenye maiki. Maneno ya kutunga nilikuwa nayo, hata ya kuchekesha. Nikachukua yako kwa sababu nilijua yataliza watu."

"Ulijua."

"Nilijua. Nikarekodi, sikuridhika. Nikarudia."

"Ukarudia?"

"Ili sauti itetemeke vizuri."

"Yesu wangu," Tusekile alisema.

Nusrat alimsogelea mpaka akamsimamia kichwani.

"Jana uliniapia. Ulisema ni kwa kunipenda."

"Jana nilikuwa naogopa kuachwa."

"Na leo?"

"Leo naogopa zaidi. Ila nikikuoa kwa uongo ule, kila ukitaka kuniambia jambo lako utajiuliza kama nalisikiliza au nalipimia filamu. Na hutakuwa umekosea, Nusrat. Nilikuwa nakusikiliza hivyo. Hata siku ile unalia, sehemu yangu moja ilisema, haya maneno makali."

Bi Mwanahawa alijifuta jicho kwa pembe ya ushungi, akauliza polepole:

"Ulipokuwa unarudia, ulimfikiria mwanangu hata kidogo?"

"Niliwafikiria wateja, mama."

Nusrat alitamani kumpiga. Badala yake alichukua simu, akabonyeza kurekodi, akaongea mbele ya wote, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo:

"Mimi Nusrat binti Matano wa Kihesa. Yale maneno ya kwenye filamu ni yangu. Niliachwa, nikajisugua kwa jiki, nikamdanganya mama yangu. Mwenye swali aje dukani aniulize, na akija anunue kitambaa."

Akaituma iwe status. Kisha akapiga magoti mbele ya kochi, akaiweka mikono yake yenye mabaka kwenye mapaja ya mama.

"Mama, hukuniunguza wewe. Nisamehe."

Bi Mwanahawa aliishika mikono ile, akailalia, akalia kilio chake cha miaka yote ile. Tusekile naye akalia. Faraji hakuthubutu, alikaa pale pale mkekani akiangalia nyuzi za mkeka.

Ndipo Mzee Matano akaingia kutoka dukani, akiwa bado na utepe wa kupimia shingoni. Aliwatazama mmoja mmoja.

"Status zote mbili nimeonyeshwa na wateja," alisema. "Sitaki kuhadithiwa. Mpishi yuko nje anauliza mchele. Nimwambie nini? Ndoa ipo au haipo?"

"Muulize mwanao," Bi Mwanahawa alisema. "Safari hii aamue yeye."

Nusrat alisimama. Alimtazama Faraji kwa muda mrefu, mpaka Faraji akainua uso.

"Ungeng'ang'ania kwamba ilikutoka, nisingejua mpaka naingia kaburini."

"Najua."

"Na ningekusamehe leo hii hii. Sasa nimekosa hata huo msamaha rahisi. Bado nakupenda, na hilo linanikera. Baba, mahari yangu sijataja."

"Hujataja. Nimekuuliza mpaka nimechoka. Shehe anasubiri."

"Nataja sasa. Nataka maiki yake."

Mzee Matano alidhani masikio yamemdanganya. "Nini?"

"Maiki anayorekodia. Iwe mali yangu kisheria, kama dhahabu ya mwanamke mwingine yeyote."

"Nusrat," Faraji alisema, "hiyo ndiyo kazi yangu. Nitakula nini?"

"Utakula vizuri tu. Ukitaka kurekodi utakuja kuniazima, na kabla hujaiwasha utaniambia unakwenda kusema nini. Nikikataa, hurekodi. Iqbal akiona pamepoa, mwambie aje aniombe mimi."

"Na nikikataa?"

"Basi la Mbeya la jioni halijaondoka. Na mimi nitawaambia watu mwenyewe kwamba nimekuacha. Umeniona, naweza."

Alikuwa ameona. Faraji alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Nimekubali," alisema.

Mzee Matano alijikuna kidevu. Alimwangalia mkewe, mkewe akaangalia pembeni akificha tabasamu.

"Sawa. Lakini shehe nitamwambia aandike nini, mwanangu? Mahari ya namna hii hajawahi kuifungia ndoa."

"Aandike maiki moja," Nusrat alisema, "na waya wake."