Nyuzi Nyeupe za Mama Chanthone

Kila alfajiri Mama Chanthone alipika wali wa kunata, akajaza kikapu, akapiga magoti kando ya barabara kuwagawia watawa wa Kibudha waliopita. Miaka nenda, miaka rudi. Lakini siku hizi alitoka hata mchana wa jua kali, kikapu kitupu mkononi. Juzi walimkuta ukingoni mwa mto Mekong, peke yake.

Binti yake, Viengkham, alisema roho ya mama imetangatanga. Akaita wazee waiite irudi. Wakamfunga mama nyuzi nyeupe mikononi, nyingi ajabu, ili roho isitoke tena. Hali ikawa ileile. Viengkham akanunua kofuli.

"Nifungulieni! Watawa wanapita!" Mama alilia, akigonga mlango.

Jirani yao Manivone, muuguzi wa zahanati, akaja mbio.

"We Viengkham! Umemfungia mama kama kuku?"

"Ulitaka afe maji? Nitamfunga nyuzi nyingine mpaka apone."

"Mfunge tu, hazina ubaya. Lakini roho yake haijaenda popote. Kinachougua ni ubongo."

Manivone akatanua vidole vya mikono yote miwili, akazikaribianisha ncha zake.

"Seli za neva zina matawi, hivi. Ncha zinakaribiana, zinapeana habari. Ugonjwa huu wa kusahau unalundika uchafu kati ya seli. Ndani nako, nyuzi zinazoishikilia seli zinasokotana. Matawi yananyauka." Akakunja vidole, kimoja kimoja. "Habari hazifiki tena. Mambo ya leo yanapotea kwanza. Yale ya zamani, yaliyozoeleka mikononi, yanakaa zaidi."

"Dawa je?"

"Ya kuponya hakuna. Ya kupunguza makali ipo. Apelekwe hospitali apimwe. Ila usibishane naye, wala usimfungie. Akitoka, toka naye."

Viengkham alilia sana. Kisha akajifuta, akang'oa kofuli.

"Chukua, kafungie zahanati yako. Mimi nitatoka naye."

Na alitoka naye, mvua na jua. Alfajiri walipiga magoti pamoja. Mchana walitembea hadi lango la hekalu, wakarudi. Mama hakupotea tena, wala hakugonga mlango.

Asubuhi moja, watawa walipokwisha kupita, Mama alimtazama.

"Wewe ni binti wa nani?"

"Wa Chanthone."

"Maskini, umechoka."

Akafungua uzi mmoja mkononi mwake, akamfunga Viengkham. Akatamka maneno ya kuiita roho, mwanzo hadi mwisho, bila kuruka hata moja.