Kapu la Cherehani cha Ukutani

Afisa utumishi alifungua ukumbi wa ushonaji kabla mtu yeyote hajafika, akapitisha mkono juu ya cherehani cha ukutani. Kilikuwa cha moto. Mshonaji wake alizikwa juma lililopita na hakuna aliyepangiwa kukaa pale, lakini kapu lilikuwa limejaa mashati yaliyoshonwa vizuri ajabu, yananuka nywele zilizoungua.

Alimwambia bosi. Bosi akacheka mpaka akashika tumbo. "Basi huyo ndiye kipimo chetu. Kila mtu afikie kapu lile. Atakayekuwa wa mwisho, mwezi ukiisha, mwachishe kazi."

Kuna watu hata msiba wanauona faida, na bosi alikuwa wa kundi hilo. Afisa naye, Mungu amsamehe, aliandika lengo jipya ubaoni, huku akijua fika kwamba wa mwisho atakuwa mdogo wake, aliyemwingiza kazini yeye mwenyewe, mjane mwenye watoto wa kulisha.

Kapu likazidi kujaa, na lengo likazidi kupanda. Wanawake waliacha kwenda chooni, wakaacha kula, wakaacha hata kusalimiana, na kanyagio la kile cherehani likawa linashuka na kupanda mchana kweupe bila mguu wa mtu, mpaka siku ile mdogo wake alipojichoma sindano ikatokea upande wa pili wa kidole, naye akaendelea kushona, damu ikichuruzika kwenye kola, kwa sababu aliogopa kusimama.

"Dada, nisaidie," alinong'ona. "Lile ni jini. Linanipumulia shingoni."

Bosi aliposafiri, afisa alimleta mganga ukumbini, mbele ya wanawake wote. Mganga alifukiza ubani, akasoma, akaliamuru jini litoke. Ukumbi ukazizima. Kisha kwenye kiti kitupu ikasikika sauti ya mwanamke aliyechoka sana.

"Nitoke mimi? Kwenu hutolewa wa mwisho. Mimi ni wa kwanza."

Mganga alimgeukia afisa, jasho likimtiririka. "Limeshika kanuni yako wewe," alisema kwa sauti ya chini. "Mtaje wa mwisho, liondoke naye."

Macho yote yakamwendea mdogo wa afisa, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa.

"Wa mwisho ni mimi," afisa alisema. "Sijashona hata kifungo."

Kanyagio likasimama. Wanawake wakakumbatiana, wakalia. Mganga alikusanya vitu vyake haraka haraka bila kumtazama afisa usoni.

Mdogo wake alimfuata ofisini, kidole kimefungwa kitambaa. "Dada, umetuokoa. Twende nyumbani ukapumzike."

Afisa alitaka kumkumbatia. Alitaka kumwambia kimbia, chukua watoto, usikanyage tena hapa. Lakini mikono haikuinuka mezani, na mdomo wake ulipofunguka, aliyesema alikuwa yule mwanamke aliyechoka.

"Rudi kwenye kiti chako. Lengo limepanda."