Ngozi ya Mbuzi wa Sadaka

Aliyemwambia kwanza Dakta Mahrukh jambo hilo ni Tabinda, mwanafunzi wake, tena kwa kunong'ona.

"Mwalimu, umeme umekatika. Lakini sumaku bado zinazunguka."

"Joto la mji huu wa Multan limekupanda kichwani."

"Njoo usikie mwenyewe."

Maabara ilikuwa kimya, feni zimesimama. Mezani, ngozi ya mbuzi ilikuwa imewambwa juu ya vikombe vya kioo. Juu yake walikuwa wamebandika plasta za dawa ya homa. Chini yake, maji yenye joto la damu yalikorogwa na sumaku ndogo, ili ijulikane dawa inapenya kiasi gani. Kwa utafiti huo Mahrukh alitarajia uprofesa.

Tik, tik, tik. Sumaku ziligonga kioo bila umeme. Chumba kilinuka mbuzi aliyelowa mvua, na mvua haikuwa imenyesha tangu majira ya baridi.

"Ngozi hii uliitoa wapi?"

"Kwa Kallan, mwenye bucha. Alinipa bure." Tabinda aliigusa hirizi shingoni mwake. "Ni ya mbuzi mweusi wa sadaka. Alizungushwa pande zote za msichana mwenye jini, amtoe balaa, ndipo akachinjwa."

"Na hukuniambia."

"Ungenicheka. Hirizi yangu tu huwa unaicheka."

Mahrukh hakucheka. Aliushika mkono wake mwenyewe wa kushoto. Jana, akitaka kujua kama plasta inawasha, alibandua moja kwenye ngozi ile ile ya mbuzi akajibandika ndani ya kiwiko. Kukata plasta mpya aliona uvivu.

Nyumbani, mwanawe Hoorain, ambaye bado alikuwa wa kunyonya tu, alikataa ziwa. Alinusa, akageuza uso, akalia.

"Maziwa yamechacha, au unamnyonyesha vitabu?" mama mkwe wake, Bi Sughra, alimtania. Alipoelezwa, utani ulimwisha. "Mwanangu, mbuzi yule alibeba balaa aende nayo udongoni. Nyinyi mkampa joto, mkamtilia sumaku zinazodunda kama moyo. Jini atajuaje kwamba mbuzi amekufa? Kaizikeni ngozi hiyo kabla ya magharibi."

Waliizika nyuma ya maabara, Tabinda akisoma aya, na walipomaliza kuifukia tik tik ilikoma, Mahrukh akashusha pumzi, akarudi nyumbani karibu kwa kukimbia, lakini alipoinama amchukue mwanawe harufu ya mbuzi ilikuwa imeshaingia pamoja naye, na kutoka ndani ya kiwiko chake, polepole kuliko moyo wake mwenyewe, akasikia tik, tik, tik.

Alibandua plasta. Ilikuwa kavu, tupu. Kila kilichokuwamo kilikuwa kimepenya, kama alivyoomba miaka yote.

Asubuhi alimkabidhi Hoorain kwa Bi Sughra pamoja na kopo la maziwa ya unga, akajifungia bafuni, akaanza kunyoa manyoya meusi yaliyoota mkononi mwake.