Funga Macho, Sheri

Teta alikutana na Rwema mbele ya rafu ya vinyago vya kuvaa usoni, katika duka lililofurika watu South End, Louisville, Marekani. Aligeuka na sketi yake ndefu ya kanisani, akakutana uso kwa uso na fuvu.

"Yesu wangu!"

Fuvu likavuliwa. Chini yake alikuwa kijana mrefu wa shati jeupe, anacheka. "Pole, dada. Kumbe uko wa kwetu!"

Alikuwa amekuja harusini tu. Kwake ni Hilliard, Columbus, alikofanya kazi ya ghala. Mwaka mzima wakapendana kwa simu. Oktoba ya 2016 wakaapa: Jumamosi tano, filamu tano za nyumba yenye mapepo, saa tisa alasiri, kila mtu kwake, simu sikioni. Hakuna kutangulia kuziona. Baada ya tano, Teta angemjibu kama atume wazee kuposa.

Jumamosi ya pili Rwema akamwambia kwa jina lao la mapenzi, "Sheri, funga macho."

"Juu ya nini?"

"Funga tu... Bon, fungua."

Jumamosi ya tatu akasema hivyo mara nne.

"Rwema, ulishaona hii filme?"

"Hapana, sheri."

Mwongo! Ameijuaje basi? Na ameiona na nani, kochi moja? Teta hakula vizuri wiki nzima kwa wivu.

Ya nne, nyuma ya sauti ya Rwema, mwanamke akanong'ona kwa Kinyamulenge, lugha ya kwao: Teta afunge macho sasa hivi.

"Ni nani huyo?"

"Ni... ni televizyo."

"Tangu lini mapepo ya Wamarekani yanasema Kinyamulenge?" Akakata simu.

Akampigia dada yake mkubwa, Kabanyana, aliyeishi Riverside, Buffalo. "Yaya, Rwema iko na mwanamke!"

Kabanyana, mwanakwaya aliyeziita filamu hizo kazi ya shetani, akakiri.

"Ile sauti ni yangu. Nilikuwa kwa simu yake ya pili."

"Yaya?"

"Alikuja kuniuliza kama atume wazee. Nikamwambia, ajue kwanza vitu vyenye hauwezi kuona. Donc kila Ijumaa mi naangalia, Biblia kwa magoti, naandika dakika za mahali pabaya, namtumia. Fasi nyumba inaungua. Fasi ya panga. Na nikamwapisha asikwambie."

Teta alikuwa na miaka sita nyumba yao ilipochomwa wakati wa vita, kule milimani kwao. Kabanyana alimbeba mgongoni, akamfunika uso kwa kitenge asione. Teta akalia kwa aibu, na kwa kupendwa.

Jumamosi ya tano simu ya Teta ililia saa tisa kamili; alikuwa Rwema.

"Nisamehe, sheri."

"Weka filme."

Dakika ya arobaini Rwema akaanza, "Sheri, funga..."

"Sifungi. Kaa tu kwa simu."

Nyumba ikaungua kwenye kioo cha televisheni. Teta akatazama mpaka moto ukaisha. Upande wa pili pumzi ya Rwema ilisikika.

"Rwema."

"Sheri?"

"Tuma wazee. Lakini ile sura ya fuvu, uiache Columbus."