Gasketi ya Mwisho

Asubuhi ya Jumanne, tarehe 7 Machi 1989, nilivuka uwanja wa kambi nikiwa nimekumbatia gasketi moja, ukanda wa mpira wa kuzibia kifuniko cha tangi la mafuta, iliyofungwa kwa karatasi ya nta. Nilikuwa karani mkuu wa bohari ya vipuri, na si desturi ya karani mkuu kubeba mzigo. Lakini hiyo ilikuwa ya mwisho. Kiwanda kilichozitengeneza kilikuwa kimekwisha kufungwa, na zile chache tulizoagiza kwingineko zilikuwa bado zinasubiri vibali.

Tulibakiwa na ndege moja tu ya mizigo iliyoweza kuruka. Nyingine za umri wake zilikuwa zimelala majanini nyuma ya banda, zimechomolewa kila kilichochomoleka ili hii iishi. Hata bawa lake la kushoto halikuwa lake. Lilitoka kwa mojawapo ya zile mfu. Ndilo lililokuwa likivuja mafuta.

Fundi wa kuingia ndani ya tangi la bawa alikuwa shemeji yangu, mume wa mdogo wangu wa kike. Karakana nzima ilimwita Sindano, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeweza kupenya tundu lile jembamba la kuingilia.

"Shemeji," aliniambia, akivua pete yake ya ndoa na kunikabidhi kama kanuni ilivyotaka, "nikikwama humu, mwambie dada yako ni kosa la mapishi yake."

"Ukikwama tutakuandikisha kama kipuri," nilimjibu. Fundi mkuu akacheka.

Utaratibu ulikuwa huu: aliye nje hugonga bawa mara mbili, na aliye ndani hujibu mara mbili. Akikaa kimya, huvutwa kwa kamba. Sindano aliongeza la kwake: baada ya kugonga, alikwaruza kidogo kwa ukucha. Mkwaruzo huo aliuita salamu ya wakwe. Hata nyumbani, mkewe akibisha mlango wa bafuni, alimjibu hivyo hivyo.

Kazi ilikwenda vizuri. Sindano alitoka kinyumenyume, miguu ikitangulia, akasimama kando akijipangusa. Fundi mkuu alipaka gundi nzito upande wa ndani wa kifuniko cha tundu, akailaza gasketi yangu, akakaza skrubu zote. Gasketi ile ikishabanwa haifunguliwi bila kupasuka.

Kisha, kwa mazoea tu, akaligonga bawa mara mbili.

Likajibu mara mbili.

Likakwaruza.

Tulimtazama Sindano. Alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwetu, juani. Hakuinua kichwa.

"Ni bati linapoa," alinong'ona fundi mkuu.

"Bati halina kucha," nikamwambia.

Tulikwenda wote wawili kwa kamanda, tukaomba ruhusa ya kufungua. Alitusikiliza hadi mwisho, maana alikuwa mtu muungwana.

"Waliingia wangapi?"

"Mmoja, afande."

"Wakatoka wangapi?"

"Mmoja."

"Basi mnamtafuta nani? Ijumaa ndege hii inapeleka chakula mpakani, na vijana kule hawana kitu. Karani, gasketi nyingine ipo?"

Mimi ndiye niliyepaswa kujibu.

"Haipo, afande."

Ijumaa ndege iliruka, kifuniko kikiwa kimefungwa.

Jioni ya Jumapili nilipeleka pete nyumbani kwao. Shemeji alikuwa sebuleni, anakula. Nilimwekea pete mezani. Aliigeuzageuza kama mtu aliyepewa kipuri cha mashine asiyoijua, akairudisha kwangu, akaendelea kula. Mdogo wangu alinivuta jikoni.

"Nikimbishia mlango hanijibu," alinong'ona. "Anasimama tu nyuma yake. Kaka, umeniletea nani?"

Nilimnyooshea pete. Akaifunga ndani ya kiganja changu, kidole kwa kidole.

"Mtunzie mwenyewe."

Tangu hapo, kila ndege ilipokuwa bandani, nilitumia saa ya mapumziko chini ya bawa la kushoto. Watu walidhani napumzika kivulini. Niligonga mara mbili. Alijibu. Niliuweka mdomo karibu na bati nikamwambia: "Vumilia, shemeji. Gasketi zinakuja." Niliandika barua wizarani mwezi wa Aprili, wa Juni na wa Agosti. Mwezi wa Agosti majibu yake yalikuwa yamefifia. Mwezi wa Septemba nililazimika kulaza sikio. Mapema Oktoba niligonga, nikangoja.

Kimya.

Gasketi ziliwasili Jumatano, tarehe 18 Oktoba 1989. Sikusubiri kuzihesabu. Fundi mkuu alilegeza skrubu, kifuniko kikaachia, na harufu ya mafuta ikatupiga usoni. Alimulika kurunzi ndani. Tangi lilikuwa tupu.

Akakigeuza kifuniko. Ile gundi, ambayo tuliiacha laini na ikakauka ngumu kama mfupa, ilikuwa imejaa vishimo vya vifundo vya vidole. Viwili viwili, na mkwaruzo. Viwili viwili, na mkwaruzo. Ukingo kwa ukingo.

"Mwiteni Sindano aingie akague," aliagiza kamanda kutoka nyuma yetu.

Aliletwa. Alilitazama tundu, akarudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa ukuta. Kwa miaka yote ya utumishi wake hakuwahi kukataa kazi.

"Siingii, afande," alisema polepole. "Nimekaa humo vya kutosha."

Hakuna aliyemuuliza zaidi. Aliacha kazi wiki hiyo hiyo, akaondoka nyumbani bila kuaga, na hatukumwona tena.

Ndege ilikatwa kuwa vyuma chakavu mwaka 1996. Kifuniko niliomba nipewe mimi, nikapewa. Kipo hapa mezani ninapoandika, na pete nimeiweka juu yake. Kona ya chini, mahali alama zinapoishia, kuna vishimo viwili vyepesi, karibu visionekane.

Baada ya vishimo hivyo hakuna mkwaruzo.